Shanti au tundu? Kuchagua upasuaji wa mtoto mwenye maji kichwani

Karatasi ya ridhaa niliisaini kwenye korido, nimesimama, mtoto wa wiki tisa mgongoni. Daktari alikuwa anaitwa chumba cha upasuaji. Nilichoelewa siku ile ni kitu kimoja tu: atawekewa mpira wa kutoa maji kichwani. Kwamba kuna njia ya pili isiyoacha mpira wowote mwilini, na kwamba njia hiyo kwa watoto wachanga ilikomazwa hapa hapa Afrika Mashariki, nilikuja kuambiwa miaka minne baadaye, wodini, na mama wa kitanda cha jirani.

Sisemi nilichaguliwa vibaya. Huenda hata ningejua ningesaini hivyo hivyo. Lakini mzazi anastahili kuchagua huku anajua. Mimi si daktari. Haya nimeyakusanya kwa miaka ya kliniki, kwa kuwauliza madaktari wa upasuaji wa ubongo bila kuona haya, na kwa kusoma matokeo ya tafiti zilizofanywa kwa watoto wetu. Yachukue uende nayo kwa daktari aliyempima mwanao.

Maji yenyewe

Kila mtu ana maji kichwani. Ndani ya ubongo mna vyumba vinne, na humo mna vishada vya mishipa midogo ya damu vinavyotengeneza maji usiku na mchana. Kwa mtu mzima hufika kama nusu lita kwa siku. Maji hayo hupita kwenye vijia vyembamba, huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hunyonywa na kurudi kwenye damu. Kijia kikiziba, au unyonyaji ukilegea, maji hukusanyika na kuubana ubongo. Mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga bado haijashikana, kwa hiyo kichwa hupanuka. Ndiyo maana wengi tunauita ugonjwa huu kichwa kikubwa, na mara nyingi hutajwa pamoja na mgongo wazi, yaani mtoto kuzaliwa uti wa mgongo haujafunga.

Sababu ya maji kujaa ndiyo inayoamua mengi katika uchaguzi unaofuata, kwa hiyo usiondoke mbele ya daktari bila kuiuliza. Wapo watoto waliozaliwa na mgongo wazi. Wapo waliozaliwa na kijia kilichoziba kati ya chumba cha tatu na cha nne. Wapo njiti waliovuja damu ubongoni. Na wapo, wengi sana upande wetu huu, waliozaliwa wazima kisha wakapata maambukizi makali wiki za kwanza: homa, degedege, kukataa nyonyo, halafu baada ya wiki kadhaa kichwa kikaanza kukua kuliko mwili. Nchini Uganda hili ni kundi kubwa, na mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba wamewakuta bakteria wa jamii ya Paenibacillus kwenye maji ya ubongo ya watoto wa kundi hilo. Mwanangu naye ni wa kundi hili la maambukizi.

Shanti

Shanti, au mpira kama tunavyosema wodini, ni mrija mwembamba laini. Ncha moja huingizwa kwenye chumba cha ubongo, mrija ukapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni, kifuani, hadi tumboni, ambako maji humwagika na kunyonywa na mwili. Njiani kuna vali inayoyaacha maji yatoke kichwani na kuyazuia yasirudi. Ukimpapasa mwanangu nyuma ya sikio la kulia utaigusa: kivimbe kama punje ya harage, kigumu pembeni, kinabonyea katikati. Akigeuza shingo mrija huonekana chini ya ngozi kama mshipa. Mwaka 1956 fundi mmoja wa Marekani, John Holter, alitengeneza vali iliyowezesha tiba hii kuenea, kwa sababu mwanawe Casey alizaliwa na mgongo wazi na kichwa kikajaa maji. Nikimwosha mwanangu kichwa huwa namkumbuka baba yule.

Uzuri wa shanti ni kwamba inafanya kazi papo hapo. Utosi wa mwanangu uliokuwa umewambwa kama ngoma ulilegea usiku ule ule, na alfajiri akanyonya kwa nguvu kwa mara ya kwanza baada ya siku sita. Inafaa karibu kila sababu ya maji kujaa. Haihitaji kamera maalumu, hivyo inapatikana mahali pengi zaidi penye daktari wa upasuaji wa ubongo.

Kuhusu bei, niseme jambo litakalowatuliza wengi. Ziko shanti za bei tofauti sana, na mzazi aliyepewa ile ya bei nafuu hubaki na donge moyoni kwamba mwanawe amepunjwa. Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf alizilinganisha mbili kwa watoto 195: Chhabra, inayotengenezwa India, iliyokuwa ikigharimu dola 35 wakati ule, na nyingine ya dola 650. Baada ya mwaka mmoja hakukuwa na tofauti ya maana kati yake. Kwa hiyo usikope wala usiuze kiwanja kwa ajili ya jina la shanti.

Ubaya wake ni kwamba ni kitu cha kutengenezwa kinachoishi ndani ya mtoto anayekua. Huziba. Huingia vijidudu, zaidi katika miezi ya mwanzo baada ya kuwekwa. Mrija hukatika au huwa mfupi mtoto akirefuka. Hata Marekani na Ulaya, karibu shanti nne kati ya kumi za watoto hupata hitilafu ndani ya mwaka wa kwanza, na upasuaji hurudiwa. Na baada ya mwaka wa kwanza hakuna siku unayoweza kusema sasa imepona. Inaweza kukaa kimya miaka mitano ikaziba Jumapili moja mtoto akiwa anacheza.

Yetu iliziba mtoto akiwa na miaka minne. Alianza kutapika asubuhi, akalalamika kichwa, mchana akawa anasinzia. Tulikuwa nyumbani milimani, Lushoto. Zahanati ya kwanza tuliyofika ilimpa dawa ya malaria, na nesi aliponiuliza kama mtoto ana tatizo lingine nikasema aliwahi kupasuliwa kichwa akiwa mchanga, nikaishia hapo. Sikusema "ana shanti". Sikujua kwamba neno hilo moja lingebadilisha kila kitu. Tulikaa siku mbili. Siku ya tatu alikuwa haamki vizuri, macho yameangukia chini, ndipo tukapanda gari kwenda Dar es Salaam. Alipasuliwa usiku. Alirudi, lakini mkono wa kushoto umebaki mzito hadi leo.

Tundu

Njia ya pili wazazi wanaiita tundu au upasuaji wa kamera. Daktari hupitisha kamera nyembamba, kwa mtoto mchanga pembeni mwa utosi, mpaka kwenye chumba cha tatu cha ubongo, halafu hutoboa tundu dogo kwenye sakafu ya chumba hicho ili maji yapate njia ya mkato. Akimaliza hutoa vifaa vyote. Hakuna kinachobaki ndani.

Kwa watoto wakubwa wenye kijia kilichoziba, tundu peke yake hufanya kazi vizuri. Kwa wachanga lilikuwa linashindwa mno, kwa kuwa hata maji yakipata njia, mwili wao bado hauyanyonyi ipasavyo. Hapa ndipo Mbale ilipoingia kwenye historia ya tiba hii. Warf, akiwa kwenye hospitali ya watoto ya CURE, aliunganisha mambo mawili: kutoboa tundu, na kwa kamera hiyo hiyo kuvichoma vile vishada vinavyotengeneza maji ili yapungue. Mwaka 2005 alitoa matokeo ya watoto 550. Kwa walio chini ya mwaka mmoja, tundu peke yake lilifaulu kwa asilimia 47. Tundu pamoja na kuchoma, asilimia 66. Kwa wachanga wenye mgongo wazi tofauti ilikuwa kubwa kabisa: asilimia 35 dhidi ya 76. Kwa waliopata maambukizi tofauti ilikuwa ndogo, kwani maambukizi huacha makovu ndani na njia za maji huzibana tena.

Ubaya wa tundu ni wa aina nyingine. Likishindwa, kwa kawaida hushindwa mapema, ndani ya miezi sita ya kwanza hivi, na hapo mtoto huwekewa shanti. Maana yake amepasuliwa mara mbili kufika pale ambapo angefika kwa mara moja. Linahitaji kamera na daktari aliyefunzwa kuitumia kwa wachanga. Chini ya sakafu ile inayotobolewa unapita mshipa mkubwa wa damu, na ingawa kuugusa ni nadra, si jambo la kujifunzia kwa mwanao. Muulize daktari amefanya mara ngapi. Madaktari wazuri hawachukii swali hilo. Niliyemuuliza mimi alivuta kiti akakaa.

Kingine kinachowasumbua wazazi: baada ya shanti, kichwa na utosi hulegea haraka, lakini baada ya tundu mabadiliko huwa ya polepole. Vyumba vya ubongo vinaweza kuonekana bado vikubwa kwenye utrasaundi ilhali mtoto ananyonya, anachangamka na kichwa kimeacha kukimbia. Mama wa kitanda cha jirani aliniambia alilia wiki tatu nzima akiamini mtoto wake hajatibiwa. Kinachoangaliwa ni kasi ya kichwa kukua na hali ya mtoto mwenyewe.

Akili ya mtoto

Hili ndilo swali ambalo kila mzazi analo rohoni hata asipolisema. Ni njia ipi itamfanya mtoto awe na akili zaidi?

Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Mbale kwa watoto 100 wa chini ya miezi sita, wote wakiwa wamejaa maji baada ya maambukizi. Waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu shanti, nusu tundu na kuchoma. Baada ya miezi 12 wakapimwa uelewa, lugha, viungo, na ukubwa wa ubongo. Hakukuwa na tofauti ya maana. Tiba ilishindwa kwa asilimia 35 ya waliotobolewa tundu na asilimia 24 ya waliowekewa shanti, na hata hiyo, kwa idadi ile ya watoto, haikutosha kusema moja inaizidi nyingine.

Mimi matokeo hayo yaliniondolea mzigo. Nilikuwa nimekaa miaka nikijilaumu kwamba mpira ndio uliomchelewesha mwanangu kuongea. Kilichomchelewesha ni maambukizi yenyewe na muda ambao ubongo ulikaa umebanwa kabla hatujafika. Na kama njia mbili hazitofautiani kwenye akili, mzazi ana haki ya kuuliza mambo mengine ambayo labda alikuwa anaona aibu kuyaleta mbele ya daktari: nauli, umbali, nani atabaki na watoto wengine nyumbani.

Umbali

Hapa ndipo ninapoona maelezo mengi ya hospitali yanapita haraka mno. Daktari anafikiria chumba cha upasuaji. Mzazi anakwenda kuishi na uamuzi huo kijijini.

Shanti inahitaji hospitali iwe karibu maisha yote ya mtoto. Ikiziba, saa zinahesabika. Anayeishi Temeke au Mombasa mjini anafika kwa bodaboda. Anayeishi kisiwani, au mahali ambapo masika yakianza barabara inakatika, anamchukulia mtoto hatari ambayo haiandikwi kwenye fomu yoyote. Tundu nalo linahitaji uangalizi wa karibu, ila uangalizi huo umebana mwanzoni. Ukiweza kupanga chumba au kukaa kwa ndugu karibu na hospitali kwa miezi ile ya mwanzo, ukahudhuria kila kliniki, na tundu likashika, unarudi nyumbani na mtoto asiyetegemea kifaa. Tundu linaweza kuziba baadaye, lakini ni mara chache zaidi.

Kwa hiyo ningekuwa naishi mbali, na daktari akaniambia njia zote mbili zinafaa kwa mwanangu, ningechagua tundu na kuchoma, hata kwa kujua kwamba uwezekano wa kurudia upasuaji mwaka huo ni mkubwa. Ningekuwa mjini, na sababu ni maambukizi, ningekubali shanti bila kusita. Huo ni uamuzi wangu mimi. Wako utautengeneza kwa ramani ya kwako.

Mtoto gani, njia gani

Madaktari wana alama wanazojumlisha kukadiria kama tundu litafaulu. Wanaangalia umri, sababu ya maji, na kama mtoto alishawahi kuwekewa shanti. Mtoto wa chini ya mwezi mmoja hapati alama yoyote ya umri. Aliyeziba baada ya maambukizi hapati alama yoyote ya sababu. Kadiri anavyokua, hesabu inapanda. Omba uambiwe hesabu ya mwanao ni ngapi kati ya 90.

Mwenye mgongo wazi ndiye ningempigania zaidi apate tundu na kuchoma, kwa sababu takwimu zake ndizo nzuri kuliko zote na kwa sababu mtoto huyo tayari ana mambo mengine ya kurudi nayo hospitali: miguu, kibofu, vidonda. Kumpunguzia shanti ni kumpunguzia jambo moja kubwa. Mwenye kijia kilichoziba aliyekwisha kupita mwaka mmoja, tundu ndilo linalotangulia kuzungumzwa. Aliyepata maambukizi na ndani ya vyumba kukaonekana makovu, kuta na usaha, mara nyingi huishia kwenye shanti, na hata hiyo haiwekwi mpaka maji yasafike. Wakati wa kusubiri daktari anaweza kuyapunguza kwa sindano au mrija wa muda. Usubirifu huo unachosha, lakini shanti iliyowekwa kwenye maji machafu hugeuka makazi ya vijidudu.

Na kama mtoto yuko hoi, na hospitali uliyofika ina shanti tu, chukua shanti. Usimbebe mtoto anayezama kwenda kutafuta kamera nchi nyingine.

Kamera nilizozisikia zikitumika kwa watoto kwetu ni pamoja na za Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, hospitali ya Mnazi Mmoja kule Zanzibar, hospitali ya Kijabe kule Kenya, na Mbale kwenyewe. Pigeni simu kwanza mjue kama daktari wa kazi hiyo yupo na mashine inafanya kazi, kabla ya kukata tiketi. Kwa Tanzania, sera inawasamehe gharama watoto wa chini ya miaka mitano kwenye hospitali za umma. Pale vifaa vinapokosekana na ukaambiwa ununue, muone mtu wa ustawi wa jamii hospitalini kabla hujakata tamaa.

Kusubiri

Njia ya tatu ndiyo inayochaguliwa na familia nyingi bila kusaini popote. Mama mkwe wangu alitaka tuanze kwa mtaalamu wa tiba asili, na hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kisu kwenye kichwa cha mjukuu wake. Nilimwambia, "Mama, naomba nikuonyeshe kitu." Nikachukua futi kamba ya cherehani yake, nikaizungusha juu ya nyusi na nyuma kwenye kisogo, nikaandika namba ukutani kwa chaki. Jumatano sentimita 41 na nusu. Jumatano iliyofuata, 43. Mtoto mwenye afya, miezi mitatu ya kwanza, kichwa huongezeka kama sentimita mbili kwa mwezi mzima. Aliitazama ile chaki, hakusema neno, akaenda kufunga mizigo.

Pima namna hiyo, siku ile ile ya wiki, mkono ule ule. Na usikubali kuambiwa umerogwa au umelaaniwa. Mgongo wazi hutokea wiki nne za mwanzo za mimba, wanawake wengi bado hawajajua kama wamebeba, na vidonge vya foliki asidi vya maikrogramu 400 kwa siku kabla ya kubeba hupunguza uwezekano wake.

Ukishachagua

Dalili za hatari ni zile zile kwa njia zote mbili: kutapika bila kuharisha, kusinzia kusiko kwa kawaida, kilio kikali chembamba, macho kuangukia chini kama jua linalozama, utosi kutuna mtoto akiwa ametulia na umemkalisha. Kwa mwenye shanti ongeza homa, na wekundu au uvimbe kando ya mrija. Lolote kati ya hayo ni safari ya siku hiyo hiyo. Malaria ipimwe, ndiyo, lakini ipimwe mkiwa njiani kuelekea kwa anayejua shanti.

Juu ya kadi ya kliniki ya mwanangu nimeandika kwa kalamu nyekundu: ANA SHANTI, UPANDE WA KULIA. Chini yake, tarehe mbili za upasuaji na namba ya simu ya kliniki. Nakala moja iko kwa mwalimu wake wa darasa la pili, nyingine kwa bibi yake, yule yule wa futi kamba, ambaye pia ndiye anayetunza nauli ya Dar kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Kila ikitumika, tunairudishia kabla ya kununua kitu kingine chochote.